Wanaomjua Papa

Alhamisi, 16 Februari

Enrolema, kuandikishwa kwa wapiga kura, imefunguliwa leo katika shule ya msingi iliyo nyuma ya avenyu yetu, na Birere nzima, mtaa wetu hapa Goma, imehamia huko. Nilidhani nimewahi. Kumbe wengine waliweka mawe kwenye mstari tangu jana, kila jiwe na mwenyewe. Mama Farida, jirani yangu muuza samaki wadogo wa sambaza, alikuwa ameniwekea la kwangu. Ukifika mezani unapewa jeto la namba, unaulizwa jina lako, jina la baba na la mama, ulikozaliwa na unakokaa. Unabandika vidole kwenye kamashini, unapigwa picha, na karte inatoka hapo hapo ikiwa bado na joto. Katika picha ninaonekana kama mtu aliyeibiwa mbuzi.

Wengi waliokuwa mstarini hata hawajui nani watagombea mwezi wa Desemba. Karte ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu, hatuna kingine. Bila hiyo, askari wa bariera barabarani anakutazama kama mtu aliyeshuka leo kutoka msituni na bunduki.

Nilirudi nikamwambia Papa, baba yangu, kesho ni zamu yake. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Mi sitajiandikisha huku. Mutu anachagulaka kwao."

"Kwenu kuko vita, Papa."

"Vita itaisha. Na mimi niko na karte yangu."

Ni kweli anayo, ile ya uchaguzi uliopita, imeandikwa Kiwanja, mji wake kule Rutshuru. Papa, Muzee Wenceslas, ni wa familia za Butembo zilizofuata biashara ya maharage Kiwanja kabla mimi sijazaliwa. Waasi walipoingia kule mwaka jana, alikuja kwangu na nguo alizovaa, redio, na karte hiyo katika mfuko wa shati. Mama amezikwa kule nyuma ya nyumba, na Papa anasema nafasi iliyo pembeni yake ni ya kwake. Kwa hiyo tukimwambia "jiandikishe Goma", yeye anasikia "usirudi".

Ijumaa, 17 Februari

Nimemwambia tena. Ameongeza sauti ya redio.

Jumatano, 22 Februari

Jumatano ya Majivu. Tumetoka misa na mapaji ya uso meusi. Njiani nilimkumbusha Papa kwamba karte za zamani hazitakuwa na maana baada ya uchaguzi. "Wakikukuta ku barabara bila karte ya mupya, utabaambia nini?"

"Nitabaambia jina yangu."

Nilitaka kumjibu kwamba Goma hakuna anayelijua jina lake, nikameza. Mtu mwenye majivu usoni hapaswi kuwa mkali.

Jumatatu, 27 Februari

Mvua kubwa tangu asubuhi. Bati langu linavuja mahali papya kila mwaka, na leo limechagua msumari anapotundika shati Papa. Karte yake imelowa. Ameikausha juu ya goti lake, anaipulizia pole pole. Picha ilikuwa imefifia kabla ya hapo. Sasa jicho moja halionekani vizuri. Sikuweza kumtazama muda mrefu.

Jumanne, 28 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nina oda nyingi za vitenge vya tarehe nane Machi, sikukuu ya wanawake: wanawake wa Himbi wanataka vyao, wa Birere wanataka vyao, wote wanataka jana. Asubuhi, Papa akiwa bado amelala, nilichukua karte yake mezani. Nilisema moyoni: nitapita kwa mwenye mashini ya kuplastifie, maji yasiiguse tena, nitamrudishia saa sita atafurahi. Kila kitu cha maana nyumbani kwetu kimeplastifiwa: cheti changu cha ushonaji, picha ya marehemu mume wangu, hata sala ya Bikira Maria. Ndivyo tulivyo hapa. Ukitupatia karatasi ya thamani, tunaikimbiza kwenye plastiki.

Nilimpa yule bwana karte, nikageuka kumjibu mteja kwenye simu. Nilipogeuka tena, ilikuwa inatoka upande wa pili. Nyeusi. Nyeusi yote, kama chini ya sufuria. Hakuna jicho, hakuna jina, hakuna Kiwanja.

"Eh Mama," akasema, "hii karatasi inaogopaka moto. Ungeniambia ni karte ya bachaguzi."

"Ni wewe fundi ao ni mimi?"

Nilimfokea mpaka watu wakasimama. Lakini moyoni nilijua. Mwanamke anayepiga pasi vitambaa vya kila namna tangu utoto wake, hakuuliza karatasi ya babake inavumilia joto gani.

Sikwenda kushona. Nilikaa juu ya jiwe la lava mbele ya nyumba ya mtu nisiyemjua, nikalia. Kisha nikarudi nyumbani, maana kukawia hakukuwa na faida. Papa alikuwa amegeuza godoro, anatafuta. Nilimpa. Aliishika kwa vidole viwili, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Njo mimi huyu?" akauliza.

Nilipiga magoti. Nilisema nisamehe, Papa, nilitaka kukusaidia. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu, "Maji ilikuwa imeacha jicho moja," akaiweka mfukoni.

Jumatano, 1 Machi

Papa hajala.

Alhamisi, 2 Machi

Amekunywa chai. Mvua.

Jumapili, 5 Machi

Mama Farida ameleta sambaza za kukaanga, akamtania: "Papa Wenceslas, ukikataa samaki yangu nitasema nimekataliwa posa." Ametabasamu kidogo, amekula tatu. Mungu ambariki Farida. Familia yake ilitoka Maniema na biashara, Waislamu tangu babu, na katika mwezi wetu wa kufunga yeye ndiye anayemlisha baba yangu.

Jumanne, 7 Machi

Wamemshika Papa.

Alikuwa ametoka kutafuta betri za redio. Habari za vita zilikuwa mbaya tangu asubuhi, na askari wa doria walikuwa wanauliza karte kila kona. Wakamuuliza. Akatoa ile nyeusi. Wakacheka kwanza. Kisha wakamuuliza anatoka wapi, naye, kwa kuwa hajui kusema uongo hata kidogo, akasema, "Kiwanja." Hapo hawakucheka tena.

Niliitwa nikiwa dukani nashona, nikakimbia na utepe wa kupimia bado shingoni. Nilimkuta ameketishwa chini kwenye jua pamoja na vijana wawili, bila viatu. Mzee wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa akipita sokoni Kiwanja watu wanaondoa mabeseni njiani ili apite. Nilieleza, nikaapa, nikaonyesha karte yangu. Hawakunisikiliza mpaka alipokuja Papa Namegabe, shefu wa avenyu, akasema ananijua mimi, mpangaji wa zamani. Wakamwachilia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika mlangoni akaniambia, "Nilibaambia jina yangu, Kasoki. Haikusaidia."

Akavua shati, akalikunja. Kisha akasema, "Basi twende mu ile enrolema yako."

Nilikuwa nimesubiri neno hilo tangu siku ya kwanza. Nilipolipata halikuwa tamu.

Jumatano, 8 Machi

Wanawake wameandamana na vitenge nilivyoshona. Mimi nimelala.

Alhamisi, 9 Machi

Mstari mrefu, mvua ya rasharasha. Mezani karani, msichana mpole anayeitwa Aurélie, alimuuliza Papa karatasi yoyote: karte ya zamani, leseni, cheti chochote. Papa akatoa ile nyeusi. Msichana aliitazama kwa huruma.

"Muzee, hapa sioni namba, sioni picha."

Nikauliza kama tunaweza kusema imepotea. "Haikupotea, Mama. Iko hapa," akasema, na hata mimi nikacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka. Vyeti vya ubatizo na vya ndoa vimebaki Kiwanja, na nani atavifuata?

Basi, akasema, iko njia moja. Asiye na karatasi analeta mashahidi watatu. Wawe wamekwisha kuandikishwa kwenye kituo hiki hiki, wawe wanakaa hapa tangu miaka mitano, na waape kwamba wanamjua, kwamba ni Mkongomani, kwamba jina lake ni hilo.

"Batatu tu?" Papa akasema. "Kule ningekuletea soko nzima."

"Najua, Muzee. Lakini tunataka ba hapa."

Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni Mama Farida, aliyekubali kabla sijamaliza sentensi. Anaijua familia yetu tangu nilipoolewa, na Papa alikuwa akilala kwangu kila alipoleta maharage Goma. Wa tatu hatuna.

Ijumaa, 10 Machi

Nimekwenda kwa Papa Namegabe. Amesema ananijua mimi, lakini Papa hamjui, na kiapo ni kiapo. Siwezi kumlaumu, ingawa nilimlaumu njia nzima.

Jumamosi, 11 Machi

Watu wa Kiwanja walioko Goma wako kambini, wamekuja juzi kama Papa. Wanamjua wote, wanamwita kwa jina, wanalia wakimwona. Hakuna mmoja aliyekaa hapa miaka mitano.

Jumatatu, 13 Machi

Wanasema wanafunga wiki hii. Wengine wanasema wataongeza siku. Mvua haiulizi mtu.

Jumanne, 14 Machi

Jioni alibisha Hitimana.

Hitimana anauza makala, makaa ya kupikia, kwenye pembe ya avenyu, tangu zamani kuliko wengi wetu. Anasema Kinyarwanda na mke wake Mukamazimpaka, lugha moja na waasi, na tangu vita hivi vianze avenyu imemgeuzia kisogo. Wengine wanasema anapeleka habari upande wa waasi. Mimi sikusema. Mimi niliacha tu kununua makala kwake, nikawa ninapita upande wa pili wa njia nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Sijui kipi ni kibaya zaidi.

Alisimama nje, kofia mkononi. "Mama Kasoki, nimesikia kwa Mama Farida munatafuta mutu wa tatu. Mi namujua muzee."

Papa aliposikia sauti hiyo, akatoka. "Unanijua wapi?"

"Ku Kiwanja, Papa. Nilikuwa kijana. Nilikuwa nabeba mifuko yako ku soko."

Papa alimtazama usoni. Nikaona amemkumbuka, nikaona pia kwamba hataki kumkumbuka. "Ndugu zako njo banalala mu nyumba yangu," akasema. "Na wewe njo utaapa kama mimi niko Mukongomani?"

Uso wangu uliwaka kwa aibu. Hitimana hakuondoka. Alisema, "Bale habako ndugu zangu, Papa. Nami nilipoandikishwa banatafuta batu ya kunishuhudia. Ninajua vile inaumaka." Akaniamkia, akavaa kofia, akaenda.

Papa alikaa hadi chakula kikapoa. Kisha: "Alikuwa kijana wa kazi. Hakuniibia hata mara moja." Nikamwambia nani mwingine tunaye? Akanijibu kwamba lisilo budi hutendwa, lakini alilisema kwa upole.

Jumatano, 15 Machi

Tumekwenda wanne chini ya mwavuli mmoja wa Farida. Aurélie aliuliza kila shahidi peke yake. Mimi niliapa kwa sauti ya chini, Farida aliapa kwa sauti ya kuuza samaki. Hitimana aliposogea, mstari wote ukageuka kumtazama.

"Unamujua tangu lini?"

"Tangu sijaoa. Ni Wenceslas wa Kiwanja. Bibi yake Mama Sylvie alikuwa anatupatia bugali hata siku ya kazi kidogo. Huyu muzee hauzishi maharage yenye kutoboka. Anaitupa, hata kama umeibeba mbali."

Mtu nyuma yetu akasema kwa nguvu, "Na wewe, nani anakujua?" Watu wakacheka. Hitimana hakugeuka. Aliinua mkono akaapa.

Papa akabandika vidole, akapigwa picha. Sylvie ni dada yangu mkubwa, aliyefariki mdogo. Hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina la "Mama Sylvie" mbele ya Papa tangu tumzike mama. Katika picha macho ya Papa yamejaa maji. Karte ilipotoka alisoma kila mstari kwa kidole. Alifika mahali palipoandikwa Goma, kidole kikasimama hapo.

"Iko sawa, Papa?" nikauliza.

"Haina kosa," akasema.

Jumapili, 9 Aprili

Pasaka. Hitimana na mkewe wamekula kwetu. Papa na yeye wamekunywa kasiksi, pombe ya ndizi, wakahesabiana nyumba za Kiwanja moja moja kuanzia soko: kwa nani palikuwa na mparachichi, nani alikuwa na mbwa mkali. Walibishana juu ya mbwa. Sijamsikia Papa akicheka hivyo tangu aje. Makala nanunua kwa Hitimana tena, na majirani wananitazama. Watazame.

Alhamisi, 11 Mei

Naandika kwa sababu sitaki kusema mbele ya mtu.

Leo habari za vita zilikuwa mbaya kupita zote. Mchana vijana walikuja na fimbo hadi kwenye makala ya Hitimana. "Mupelelezi!" wakaanza. Alisimama, mikono wazi, nyeusi ya kazi.

"Niko hapa tangu zamani," akasema. "Batu ya avenyu bananijua."

"Nani? Nani anakujua? Atoke!"

Nilikuwa nyuma ya pazia. Niliwaona majirani wote kwa sababu wote walikuwa nyuma ya mapazia yao. Farida alikuwa anafunga meza yake, hatazami. Papa Namegabe hakuwako, au mlango wake haukuwako. Kisha nikasikia kiti cha Papa kinasogea, na kabla sijamshika alikuwa nje, bila kofia.

"Mimi namujua," akasema Papa. "Ni mutu wa kazi. Muache."

"Wewe, muzee, uko mukimbizi. Nyamaza. Nani mwingine?"

Papa akageuka akatazama nyumba zetu, moja baada ya nyingine. Alitazama pazia langu. Miguu yangu ilikataa. Hiyo si njia ya kusema. Ni mimi niliyekataa. Niliogopa fimbo, na nikaogopa zaidi kesho yake, wateja, maneno.

Hawakumpiga. Walimwaga makala barabarani, wakampa hadi jioni awe amehama. Saa kumi aliondoka na mke wake, godoro na masufuria juu ya chukudu, kigari cha mbao, wanaisukuma pamoja. Papa aliwasindikiza hadi kona. Mvua ilianza, na makala yakawa yanatiririka njia nzima, maji meusi mpaka mlangoni kwetu.

Aliporudi nilimpa kitambaa ajikaushe. "Juu ya karatasi mulikuwa batatu," akasema. "Juu ya mutu, nilikuwa peke yangu."

Ijumaa, 12 Mei

Farida na mimi tumeamkiana. Kila mmoja akarudi kwenye kazi yake.

Jumamosi, 3 Juni

Mvua zimekwisha. Hakuna anayejua Hitimana aliko. Papa hazungumzi tena juu ya Kiwanja. Nilidhani ningefurahi.

Alhamisi, 14 Desemba

Sijaandika miezi mingi. Hakukuwa na kitu ila kushona. Leo redio imerudia kwamba Rutshuru na Masisi hawatapiga kura kwa sababu ya vita. Kiwanja haimo kwenye kura. Papa aliizima redio, akaenda kukaa nje na kitambaa kichwani kama mwanamke aliyefiwa.

Jumatano, 20 Desemba

Tumepiga kura. Viongozi wa nchi, wa jimbo, na washauri wa komini yetu, wote siku moja. Tulisimama tangu alfajiri. Mzee hapaswi kusubiri mstarini, kwa hiyo walimpitisha Papa mbele, na mimi nikaruhusiwa kumsindikiza, lakini alinizuia kwa mkono. Alitaka kuwa peke yake na mashini.

Kutoka mlangoni nilimwona akigusa kioo, picha zikija, picha zikipita. Akazipitia tena toka mwanzo. Kisha akamuuliza aliyekuwa akiwaelekeza watu, si kwa hasira, "Ba Kiwanja bako wapi humu?"

"Muzee, huku ni Goma. Unachagula ba Goma."

Papa akaitikia kwa kichwa pole pole, mara kadhaa, kama mtu anayeambiwa habari mbaya na daktari. Kisha akagusa. Karatasi ikatoka, akaikunja, akaitia sandukuni, akampa mwenye wino kidole chake.

Nje nilimsubiri nikijichekesha, nikamwambia hongera, mwananchi wa Goma. Tulitembea hadi mahali njia inapopanda juu ya mawe, akasimama kupumua. Kutoka hapo unaona barabara ya kaskazini, ile inayoelekea Rutshuru. Hakuitazama. Alinitazama mimi.

"Kasoki, nikikufa munizike huku. Karibu na nyumba yako, ama ku makaburi ya parokia, popote. Musinisubirishe."

"Na mama, Papa?"

"Mama yako anajua njia ilifungwa."

Tangu Februari nilimsihi akubali kuwa mtu wa Goma. Nilimwomba, nikamkasirikia, nikamuunguzia karte, nikamtafutia watu wa kuapa. Leo amekubali. Nami nilimshika mkono pale njiani, watu wakitupita na vidole vyao vyenye wino, nikaanza kumbembeleza akatae.